Benchi la Mlangoni

Mwenye neno na mwenzake haji Mezani. Kanuni hiyo imeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la ushirika wetu, nayo yajulikana hata kwa wasiojua kusoma. Ya pili huifuata: aliyekula hali ana neno moyoni, naye akaficha, ataungama mbele ya ushirika wote, kisha atakaa benchi la mlangoni kwa Meza tatu pasipo kula. Meza ya Bwana kwetu huandaliwa mara nne kwa mwaka.

Kwa miaka kumi na tisa mwenye kuuliza nilikuwa mimi. Kila Jumamosi ya maandalio niliketi katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, daftari mbele yangu, kadi za kuingilia Mezani upande wa kulia, kalamu nyekundu upande wa kushoto. Washirika waliingia mmoja mmoja, nami niliwauliza swali moja tu: "Una neno na mtu yeyote?" Aliyesema hana, nilimpa kadi. Aliyesema analo, nilipiga mstari mwekundu mbele ya jina lake, akaenda kupatana kwanza na mwenzake. Waliniita Bwana Dakika, maana mimi ni fundi saa, tena sikumpokea aliyechelewa. Nilijua, wala sikujali.

Mdogo wangu ni mwokaji, na mkate wa Meza hutoka katika tanuri lake. Kwa miaka sita alikuja kila Jumamosi ya maandalio, unga ungali kwenye nyusi, akasimama hata nilipomwonyesha kiti.

"Una neno na mtu yeyote?"

"Ninalo."

"Na nani?"

"Unamjua."

"Basi kadi hakuna."

"Najua. Mkate nimeuacha kwa mchungaji."

Akaenda zake, nami nikapiga mstari. Hayo ndiyo yote tuliyosemezana kwa miaka sita. Kesho yake yeye aliketi kwenye benchi la mlangoni, lile lisilo na egemeo, pamoja na wasio na kadi. Mimi nilichukua sahani ya mkate alioukanda yeye, nikawapitishia watu, kisha nikala.

Sikuwa na ugomvi naye, ndivyo nilivyojiambia. Tulikuwa hatuongei tu. Mkate wa nyumbani niliununua duka la mbali, nikasema ni kwa ajili ya kunyoosha miguu. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, na watoto walikuwa na miji yao. Chumbani mwangu mlikuwa na saa kumi na mbili ukutani, zote za watu wengine, na viti viwili, kimoja changu na kimoja cha magazeti. Jioni nilivaa lenzi jichoni, nikashika kibano, nikafanya kazi mpaka mwanga wa dirisha ukaisha. Zilipogonga zote kumi na mbili kwa pamoja, nyumba ilijaa sauti. Zilipokwisha, nilisikia sana kwamba zimekwisha.

Jumamosi ya mwisho ya kuuliza kwangu aliingia shemeji, mke wa mdogo wangu. Yeye ni mwanamke mnene, mwenye maneno ya papo kwa papo. Aliketi kabla sijamwonyesha kiti.

"Una neno na mtu yeyote?"

"Mimi sina. Nina miguu inayouma, lakini hiyo sina neno nayo, imenibeba siku nyingi." Akanyoosha mkono, nikampa kadi. Hakuondoka. "Na wewe, shemeji?"

"Mimi vipi?"

"Nakuuliza kama unavyotuuliza. Una neno na mtu yeyote?"

Nilitazama saa ya mfukoni. "Sina."

"Haya." Akaitia kadi yake ndani ya mkoba, akainuka kwa kushika meza. "Mume wangu amekwambia kweli mara ishirini na nne, ukamchora mstari ishirini na nne. Nilitaka tu kujua wewe ungesema nini." Akatoka, na mlango akauacha wazi.

Nilifunua daftari nikahesabu. Hakukosea.

Jumapili mchungaji aliubariki mkate, akanipa sahani. Niliirudisha juu ya kitambaa cheupe.

"Sipokei," nilisema.

Mchungaji ni kijana kwangu. Alinong'ona, "Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Nina kosa."

Nikageuka kuwaelekea watu, na mdogo wangu akiwa kule mlangoni, kofia magotini. Nikasema: "Siku ya maziko ya mama yetu nilisimama mbele yenu nikasema kwamba mama amekufa peke yake, kwa kuwa aliyekaa naye alikuwa ameshughulika na tanuri lake. Mlinisikia. Sikuwaambia kwamba mimi niliitwa tangu asubuhi. Niliitwa mara tatu. Nilijibu kwamba nina saa ya mteja mikononi, nikiimaliza nitakuja. Niliimaliza saa kumi. Mama alikufa saa tisa. Aibu yangu nilimvika ndugu yangu, na tangu hapo nimekula Meza hii miaka sita nikijua."

Niliteremka, nikapita katikati ya mabenchi, nikaketi mlangoni. Mchungaji baadaye alitaka kunipunguzia, akasema umri wangu, akasema utumishi wangu. Nikamwonyesha ukurasa wa kwanza. Kalamu nyekundu nikamkabidhi, akapiga mstari mbele ya jina langu.

Msidhani kwamba mdogo wangu alinikumbatia. Nilimfuata kazini Jumatatu yake. Alikuwa akikanda, mikono imezama katika unga mpaka kwenye viwiko.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Nilisikia jana."

"Basi?"

"Basi mimi bado, kaka. Miaka sita. Sogea, unakanyaga unga."

Hivyo, Meza ya kwanza ya adhabu yangu tuliketi benchi moja, yeye upande huu, mimi upande ule, na kati yetu nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Mgongo usio na egemeo huuma kabla mahubiri hayajafika nusu. Sikuwa nikilijua hilo. Sahani ilipita mbele, ikageuzwa kabla ya kutufikia. Harufu ya mkate ilitufikia.

Meza ya pili alinong'ona bila kunitazama, "Wanatafuna kwa shida. Au chumvi imezidi?"

"Sijala, nitajuaje?"

Pua yake ilitoa sauti, nusu ya kicheko. Kisha akauliza, "Ile saa ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu aliyehama mji. Hakurudi kuichukua."

"Unayo?"

"Ninayo. Naitia ufunguo kila asubuhi."

Akaigeuza kofia magotini.

Wiki iliyotangulia Meza ya tatu alikuja kwangu mchana, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Aliyashusha magazeti sakafuni, akaketi katika kiti cha pili.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha saa iliyo karibu na dirisha. Aliutazama mshale wa dakika ukizunguka robo nzima.

"Mama alikuita wewe," akasema. "Mpaka alipochoka. Ndipo akasema basi, anataka mkate wa moto. Nikakimbia tanurini. Niliporudi nao alikuwa amekwisha lala. Ulikuwa mkononi mwangu ungali ukinichoma." Akafuta uso kwa mkono, unga ukabaki shavuni. "Sikupata mtu wa kumwambia. Wewe ulikuwa umekwisha sema."

Nilimpa kitambaa changu cha kufutia saa.

Alipoinuka alisema, "Kesho usiitie ufunguo."

Sikuitia. Ilisimama yenyewe siku ya nane, siku mbili baada ya Meza ya tatu, ambayo tuliikalia benchi lile lile, bila nafasi kati yetu.

Jumamosi ya maandalio iliyofuata, mwenye kuuliza alikuwa mchungaji. Niliingia, nikajibu, nikapewa kadi yangu. Nilisimama nje ya mlango, na mdogo wangu akaingia.

"Una neno na mtu yeyote?"

Nilisikia saa ya mfukoni mwangu.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Nimeliweka chini."

Jumapili tuliketi benchi lenye egemeo. Sahani ikatufikia. Mdogo wangu akamega kipande, akanipa kwanza mimi, kisha akamega chake. Nilitafuna polepole, maana nilikuwa nimekaa mbali na mkate ule Meza nne, ile ya kuungama na tatu za adhabu, naye ishirini na saba.

"Chumvi imezidi," nikamnong'oneza.

"Kula, kaka," akasema. "Uko Mezani."