Kiganja Kwenye Plasta

Jiwe lilikaa miezi tisa kwenye kona ya karakana ya makumbusho, limefungwa plasta kama mguu uliovunjika, na fundi mkuu alilipita kila siku kana kwamba ni ukuta. Si kwamba alikuwa mtu wa kukwepa kazi. Wenzake walimwita Mama Chapuchapu, na mwenyewe alipenda kusema kwamba machozi hayajawahi kusafisha kisukuku hata kimoja.

Lakini jiwe hilo liliokotwa na binti yake wa pekee. Msichana alikuwa mwaka wa pili chuoni, yuko likizo, alipoliona kwenye mwamba wa pwani uliomegwa na mawimbi: amonaiti, mnyama wa kale wa baharini aliyegeuka jiwe, ukoo mmoja na pweza, kombe lake limejiviringa kama pembe ya kondoo, upana wake sawa na tairi la lori. Alilichimba na wenzake, akalizungushia vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta ili lisafiri bila kuvunjika. Plasta ikiwa bado mbichi, akakandamiza kiganja chake cha kulia juu yake, vidole vimetanuka. Chini akaandika kwa penseli: "Mama, kitovu kikiwepo niite kwanza."

Kitovu ni katikati ya kombe, pale mnyama alipoanzia maisha akiwa mdogo kama punje ya mtama. Aghalabu huwa kimeshaliwa na maji.

Wiki tatu baadaye, homa ya siku nne ikamchukua msichana.

Sasa mkuu wa makumbusho alitaka jiwe lionekane na watu. Mama Chapuchapu akamweleza mumewe jikoni, huku akisugua sufuria. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima neno kabla ya kulikata.

"Kile kiganja unikatie," alisema. "Chote. Nikiweke pale ninaposhonea."

"Nitakukatia."

"Niahidi."

"Baba, nimeshasema. Unataka nitie saini?"

Asubuhi akashika msumeno mdogo, akaipasua plasta pembeni. Mwenzake wa meza ya pili, bwana mmoja aliyeitwa Brashi kwa jinsi alivyofuta vumbi hata lisilokuwepo, alimtupia jicho.

"Leo kuna nini? Saa nne hii hujamgombeza mtu."

"Siku bado changa. Zamu yako inakuja."

Plasta ilibanduka kama ganda la yai la kuchemsha, isipokuwa kipande cha kati. Kile cha kiganja. Akakitikisa, hakikucheza. Akachungulia kwa tochi. Kati ya plasta na kisukuku huwekwa karatasi iliyoloweshwa, ili viachane bila ugomvi. Hapo katikati haikuwepo. Mtoto alisahau, na plasta ikashikana na kombe.

"Nilimwambia!" Alipiga meza, vifaa vikaruka. "Karatasi kwanza, plasta baadaye! Mara ngapi nilimwambia mtoto huyu?"

Brashi aliweka kikombe chini taratibu. "Mama, hebu muache apumzike."

Akavipanga vifaa upya. Kisha akaeleza, kwa sauti kavu ya kazini, kwamba kipande hakitatoka kizima. Ama kiganja kibaki na kitovu kisionekane milele, ama kichongwe punje kwa punje.

"Mpigie mumeo aje muamue wawili," Brashi alisema.

"Akija atasema tungoje. Tukingoja, jiwe hili litatuzika sote."

Akakoroga mpira wa majimaji, akaumimina juu ya alama ya mkono, akauacha ugande. Ulipoganda akaubandua na kumimina plasta mpya ndani yake. Kesho yake nakala ilikuwa imekauka: mistari ya kiganja ilionekana, na hata kovu dogo la kisu. Akaridhika. Ahadi ni ahadi, na hii nayo ni njia ya kuitimiza. Akapiga moyo konde, akachukua patasi.

Kitovu kilikuwepo. Rangi ya asali, kizima mpaka mzunguko wa ndani kabisa. Akafungua mdomo kuita. Jina likafika kwenye meno, halafu hapakuwa na wa kuliitikia.

"Kipo?" Brashi aliuliza.

"Kipo," alisema, akafuata ufagio.

Mumewe alikuja siku mbili baadaye, amevaa shati la kutokea. Akapewa nakala imefungwa kwenye kitambaa. Akaifungua, akaigusa kwa ncha za vidole, mmoja mmoja.

"Ndicho chenyewe?"

"Ni nakala. Ila angalia, hata kovu la kisu limetoka."

"Mkono wake haukuigusa hii."

"Baba, alama ni ileile, haina tofauti hata ya unywele."

"Haukuigusa." Akairudisha mezani, kwa upole, kama kikombe cha mwenye nyumba. "Chenyewe kiko wapi?"

"Kilishikana. Nimekichonga."

"Vipande je?"

Hapo ndipo Mama Chapuchapu alipoelewa alichofanya. Miaka kumi na tisa alikuwa akifagia meza kila baada ya kazi, bila kufikiri.

"Taka zilibebwa juzi."

Mumewe akakaa kwenye stuli kando ya amonaiti, hakuitazama. Brashi akatoka nje, akavuta mlango polepole.

"Ungeniita nikishike kwanza."

"Ungesema ningoje."

"Ndiyo. Ningesema ungoje."

Kompresa ya kupulizia vumbi ilinguruma chumba cha pili, ikanyamaza.

"Ulianza na kidole gani?"

"Usijitese, Baba."

"Nakuuliza."

"Gumba."

"Kisha?"

"Cha shahada. Cha kati na cha pete vilikatika pamoja."

"Na cha mwisho?"

Uongo ulikuwa karibu, neno moja tu lingetosha. Hakuwahi kujifunza kuusema.

"Kilitoka kizima," alisema. "Nikakishika. Halafu nikakitia kwenye ndoo pamoja na vingine."

"Ulikishika kwa muda gani?"

"Mpaka kikapata joto."

Mumewe aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Naye akabaki amesimama mbele yake, mikono imejaa vumbi jeupe, hajui aiweke wapi.