Yule Aliyewahi

Jumapili moja ya mwaka 1969, baada ya misa, padre mgeni aliwaonyesha watu wa Rangwi sinema. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, na mwalimu Leonard akasimama kando ya shuka jeupe kueleza.

"Hii inaitwa opera," alisema. "Ni mchezo wa kuigiza, ila hawasemi, wanaimba tu mwanzo hadi mwisho. Umechezwa jukwaani huko Ulaya, wakaupiga picha."

Sefania, mpasua mbao wa Shume, alikaa benchi la katikati pamoja na mama mkwe wake, Efrazia. Tangu mkewe Secilia afariki, miezi saba sasa, hakupenda kukanyaga Rangwi. Efrazia ndiye aliyemtumia ujumbe: njoo tusali, usijifungie huko msituni.

Mwanzoni watu walicheka sana, na Sefania naye akatabasamu. Mwisho ulipofika, mwanamke wa mchezo ule alikuwa amelala chini, kapigwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine. Mumewe akaingia mbio, akampakata. Mwanamke akaanza kuimba.

"Anasema nini?" mtu aliuliza.

"Anamwambia amefurahi kumwona," Leonard alijibu. "Anamuaga."

"Mtu wa kufa anaimba muda wote huo!" mwingine akadakia. Ukumbi ukaangua kicheko.

Sefania akasimama. "Amewahi," alisema. "Mama, yule amewahi."

"Mgosi, bwana wee, kaa chini, hatuoni!" wa nyuma wakampigia kelele.

Efrazia akamshika mkono, wakatoka.

Miezi saba nyuma, Secilia akiwa Rangwi kwa mama yake akisubiri kujifungua, barua ya Efrazia ilimfikia Sefania Jumanne: Secilia hajisikii vizuri, njoo. Aliisoma, akaitia mfukoni. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa hofu, na mara mbili alikuwa amemwita bure. Akaamua kumaliza magogo kwanza. Alhamisi alipofika, alikutana na watu wakirudi makaburini. Mke na mtoto mchanga walikuwa wamezikwa pamoja. Efrazia akamwambia kwamba Secilia alipitiwa na usingizi tu, hakuamka.

"Mama, niambie kweli," Sefania alisema sasa nje ya ukumbi, mgongo ukutani. "Alilala?"

Efrazia akamsogelea.

"Hakulala, baba. Siku mbili alikuita. Kila mlango ulipolia aligeuza shingo. Mwishowe sauti ilikauka, akawa anachezesha midomo tu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Sefania yu njiani.' Nikamwambia ndiyo, yu njiani."

"Mbona ulinificha?"

"Nilidhani usipojua utapona."

Sefania hakulia. Aliinama kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akashika njia ya Shume, bila kula, bila kupita kaburini. Efrazia alimwita mara tatu. Hakugeuka.

Pasaka ilipofika, mama yule alipanda Shume na kikapu cha ndizi kichwani. Chumbani kwa Sefania alimkuta mtu mwingine.

"Aliacha kazi," jirani alimwambia. "Alishuka na watu waliokwenda kujiandikisha katika vijiji vya ujamaa, huko chini uwandani."

"Kijiji gani?"

"Hakusema, mama. Siku za mwisho alikuwa hasemi kitu."

Efrazia akamwachia jirani zile ndizi, akakaa kidogo kupumzisha miguu, kisha akarudi zake.