Maji ya Tumbaku ya Wifi Walburga

Tangu asubuhi Balozi hakutulia, na mimi sikutulia. Balozi ni paka wangu. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu kila siku lazima azungukie nyumba zote. Wiki hii haendi kokote. Anajikuna masikio mpaka damu, anakaa, anainuka, anatikisa kichwa, anakaa tena. Na panya wameshajua. Mahindi yangu ya mwaka mzima yamo chumba cha uani, na gunia moja nimelikuta limetobolewa. Huyu akizibwa masikio, nitakula nini?

Bwana mifugo alishamchungulia kwa tochi. Akasema ngoma ya sikio haijatoboka, ni utitiri tu, ndiyo maana ule uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Akanipa dawa ya kusafishia na nyingine ya kudondoshea. "Bibi, usiingize kijiti, na usiweke kitu kingine."

Nilikuwa nimeiweka chupa ya kusafishia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ipoteze ubaridi, ndipo akaingia wifi yangu Walburga, mdogo wa marehemu mume wangu. Kashuka basi la Namtumbo na chupa ya soda mkononi, ndani maji ya rangi ya chai nzito.

"Maji ya tumbaku hayo," akasema. "Nimesikia una mgonjwa. Kuku wangu nawaogesha haya, utitiri wote unakufa."

"Kuku wako wanajilamba? Paka akilamba hayo anakufa. Yaweke nje."

"Wewe kila kitu polepole! Kaka yangu alikuoa kijana, chai ikamfikia ana mvi."

"Lakini aliinywa."

Tukacheka. Nikatoka kuanua khanga kwenye kamba, maana manyunyu yalianza. Kurudi, hakuna wifi, hakuna paka, hakuna ile chupa.

Nikasikia yowe nyuma ya jiko. Walburga kashika mkono unaotoka damu, chupa imelala chini, maji yanasambaa.

"Umemtia?"

"Sikuwahi! Kanikwaruza, chupa ikaanguka, akapita hapo hapo."

"Kakanyaga?"

"Sijui, wifi. Sijui."

Yesu na Maria! Nikainama uvunguni, hayupo. Nikaangalia juu ya kabati, nikarudi uvunguni kana kwamba macho yangu ya kwanza yalinidanganya. Walburga ananifuata nyuma, anaita "Balozi, Balozi," kwa sauti ya mtu anayelia. Kumbe yuko nyuma ya magunia, kainua mguu wa mbele, ulimi umeshatoka aulambe.

Nikamdaka. Ule mguu unanuka tumbaku. Tukauosha kwa sabuni, tukasuuza, tukaosha tena. Nikanusa masikio, hayana tumbaku. Kisha tukakaa tunamtazama. Hakutoa udenda, hakuyumba.

"Basi kaa umshike wewe," nikamwambia. "Mzungushie khanga, kichwa kibaki nje."

Akamshika. Mkono mmoja akaupeleka mfukoni, akatoa njiti ya kiberiti aliyoizungushia pamba. Nikamtazama tu. Akairudisha.

Nikainua sikio la kulia, nikatia ile dawa ya kusafishia, nikalikanda chini kwenye shina taratibu mpaka likatoa sauti ya matope. Nikamwachia atikise. Uchafu wote ukampata Walburga usoni.

"Mama weee!"

"Umeutaka utitiri, huo hapo."

Nikafuta kwa pamba yale yaliyopanda juu tu. Ndani sikufuata kitu. Tukafanya la kushoto. Baadaye, yalipokauka, nikaweka ile dawa nyingine. Walburga aliuliza mara tatu kama amepona.

"Kupona si leo. Kesho tena, na kesho kutwa, kama alivyosema bwana mifugo."

"Nitakaa nimshike," akasema, anajifuta shavu.

Tukamwachia. Akajilamba, akatikisa kichwa mara moja tu, akajikunja mlangoni pa chumba cha uani. Kitu kikakwaruza ndani, kwenye magunia. Sikio la kulia likageuka kwanza. La kushoto likachelewa, nikalisubiri, nalo likageuka.