Bundi wa Benilde

Alhamisi ilikuwa zamu ya Benilde kwenye tanuri la kijiji. Alipotoa mikate yake, Fabián, mume wa Orosia, alisimama mlangoni akavuta harufu huku amefumba macho.

"Mke wangu," alisema, "hebu njoo ujifunze."

Orosia aliona wivu. Miaka kumi na tisa alikuwa akimkandia unga mwanamume huyo, na hata siku moja Fabián hakuwahi kufumba macho kwa harufu ya mkate wa mkewe.

"Bruja!" alimwambia Benilde.

Katika milima ile ya Aragoni, bruja ni mchawi, na bundi mweupe huitwa vivyo hivyo. Neno lililotoka kinywani mwa Orosia lilikuwa bundi hai. Alijikung'uta, akatua begani kwa Benilde. Orosia alitema unyoya mmoja, akajifuta mdomo kwa aproni. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu walisogeza madonge yao ya unga kando kidogo.

Jumapili Benilde alinyang'anywa zamu.

"Si chuki, dada'angu," alisema Ramona, mtunza tanuri. "Ila mwenyewe unaona, una ndege."

"Ndege katoka kwa Orosia! Si mlikuwepo?"

"Tulikuwepo. Lakini sasa yuko kwako."

Hilo halikuwa na ubishi. Benilde akawa anachoma unga wake kikaangoni, mkate mgumu usioumuka, mjane wa watu, na bundi akala panya wote wa ghalani kwake. Zamu ya Alhamisi alipewa Orosia.

Majira ya mavuno alikuja mwalimu Gaudioso, aliyekuwa akikusanya maneno ya milimani kwa ajili ya kamusi. Alifika tanurini akaandika: bruja, kwanza mchawi, pili bundi.

"Na asili yake?" aliuliza.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Pale walikuwa wengi. Wote walimtazama Orosia, na Orosia akatazama donge lake. Kajinyoya kalikuwa bado kamenasa kwenye jino lake.

"La zamani mno hilo, mwalimu," alisema Ramona. "Nani ajuaye lilikotoka?"

Mwalimu akaandika: asili haijulikani.

Orosia alipeleka mkate wa moto nyumbani. Fabián aliula wote, macho wazi, akitazama dirishani, upande wa nyumba yenye bundi.