Kadi Elfu Tisa za Mwalimu Kivuti

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Kivuti alikusanya maneno ya Kimbeere, na mtu aliyemsumbua kuliko wote ni mkewe, Wambeti, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Alimwuliza akipepeta mtama, alimwuliza akikama, na nusura amwulize akijifungua.

"Mama Purity, mbuzi akimlilia mtoto wake aliyekufa, huko kwenu kilio hicho mnakiitaje?"

Wambeti akijibu, Kivuti huandika kwenye kadi na kuitia katika katoni za chaki zilizojaa chumba cha nyuma. Maprofesa wa Nairobi walimwandikia barua. Mmoja alifika mpaka huku Kiritiri, akakalia kigoda, akamwita "mwenzangu". Sokoni naye akapewa jina la Profesa. Wengine walilitaja kwa heshima, wengine kwa kicheko, maana paa la Profesa lilikuwa likivuja.

Agosti ya 1995, akiwa amesimama kanisani kusoma somo, ulimi ulimgoma. Watu walidhani amepoteza mstari. Wambeti aliona mkono wa kulia ukilegea, Biblia ikaanguka, naye Kivuti akaifuata.

Alirudi kutoka hospitali ya Embu akiburura mguu, na katika lugha tano alizozijua alikuwa amebakiwa na neno moja tu: mbura, yaani mvua. Akitaka uji, mbura. Akiumwa, mbura. Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame, na jirani yao Muchangi akaja kumwuliza itanyesha lini hasa, kwa maana mtu wa elimu hasemi ovyo. Wambeti alimfukuza kwa mwiko. Kisha akajifungia jikoni akalia, kwa sababu yeye mwenyewe sasa aliitwa mbura, na mbuzi mbura, na mlango mbura. Jina lake halikutoka tena kinywani mwa mumewe.

Muuguzi alikuwa amemwambia, "Mama, msomee vitu alivyovipenda. Pole pole. Kuna wale maneno huwarudia."

"Kusoma mimi sijui."

"Basi tafuta wa kumsomea."

Wa kumsomea hakuwapo. Purity, binti yao wa pekee, alikuwa Timau akikata maua kwenye shamba la watu, na nyumbani alifika Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo Wambeti, akiwa na miaka hamsini na minane, alijiandikisha ngumbaru. Mwalimu wa darasa hilo la watu wazima, Peninah, alikuwa amefundishwa na Kivuti mwenyewe zamani. Wambeti alishika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha kuchuna, akatoboa madaftari mawili kabla ya kuimudu herufi a. Alichekwa na wanawake wa rika lake. Hakuacha.

Ilimchukua mwaka na miezi mitatu. Siku moja ya Machi alivuta kiti karibu na kitanda, akatoa kadi ya kwanza, akaisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kivuti alimkazia macho. Midomo ikamtetemeka, machozi yakamtoka.

"Mbura," akasema.

Wambeti aliruka, akamkumbatia, akaamini milango imefunguka. Kesho yake akamsomea kadi ileile. Kivuti alikuwa akimtazama kuku.

Aliendelea hivyo hivyo kila alasiri, kadi tano, kadi sita. Kuna kitu kilimtatiza: chini ya kadi nyingi paliandikwa herufi moja iliyosimama peke yake. Alibeba kadi chache kwa Peninah.

"Hii ni ya nini hapa?"

Peninah alizigeuza moja moja. "Aliandika herufi ya kwanza ya jina la mtu aliyempa neno. Hii W ni wewe, mama."

"Zote?"

"Zote zenye W."

Wambeti alirudi nyumbani akahesabu katoni ya kwanza. Kadi mia tatu. Mia mbili na kumi na moja zilikuwa zake. Miaka yote hiyo alidhani mumewe ana kazi yake na yeye ana yake, na kwamba yale maswali ni upuuzi wa mtu asiyependa jembe.

Katika katoni ya nne akakuta kadi yenye neno lisiloandikiwa maana. Lilikuwa neno la mama yake, la watu wa upande wa Kiambere. Chini yake Kivuti alikuwa ameandika: *W. amechoka. Nimwulize siku nyingine.* Wambeti aliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa akitwanga, mgongo unamuuma, akamwambia, "Niache na maneno yako. Maneno hayaliwi." Naye hakuuliza tena.

Wambeti aliiweka kadi magotini mwa mumewe.

"Baba Purity, sikiza. Ni ule mtama unaoinama kabla haujaiva. Unaudhania umekomaa, ukikata unakuta maziwa tu. Ndiyo maana yake. Umesikia?"

Kivuti alishika ukingo wa kadi, akaupinda, akauachilia.

"Nimekujibu," Wambeti akasema. "Baba Purity, si nimekujibu?"

Kivuti alifariki Januari 1998, katika yale mafuriko ya El Niño. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na Purity alifika siku mbili baada ya mazishi, viatu mkononi. Matangani Wambeti alimsikia Muchangi akiwaambia wageni kwamba mzee aliitabiri mvua hii miaka miwili mbele, na kwamba yeye ni shahidi. Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Habari za kadi hakuna aliyeuliza. Mpaka leo Kiritiri ukimtaja Kivuti, watakwambia ni yule mzee wa mvua.

Mwaka uliofuata alikuja kijana wa chuo kikuu, jina lake Runji, na barua ya yule profesa wa zamani. Alikaa siku nzima katika chumba cha nyuma, akatoka na vumbi kichwani na kadi mia tatu mkononi, alizozichambua katika katoni zote.

"Mama, hizi hazina maana. Ameandika maneno tu. Kuna mtu mwingine anayeyajua?"

"Uliza," Wambeti akasema.

Runji akawasha kinasa sauti. Wambeti alijibu la kwanza, la pili, la tatu, kila moja na mahali linaposemwa na mahali ambapo ukilisema utachekwa. Kufika la kumi na nne, Runji aliweka kalamu chini.

"Kumbe profesa ni wewe, mama."

"Usiniite hivyo!" Sauti ilimpanda hata kuku wakatawanyika. "Kujibu, hata mtoto hujibu. Aliyejua kuuliza nimemzika."

Runji alizima kinasa chake, akaomba radhi. Wambeti alisema si kitu, acha amletee chai. Aliingia jikoni, akajifungia. Runji alingoja mpaka jua likahama kwenye miguu yake, na chai haikuja.