Mtandao Uliomkimbia Mke wa Dereva

Dereva mstaafu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kuvuka milima na basi lisilo na usukani, hakuwa mtu wa kuiacha kompyuta ijiendeshe. Ile programu inayounganisha mtandao yenyewe aliing'oa. "Mimi sibebwi kama gunia," alisema. Badala yake aliandika mistari michache ya amri katika faili aliloliita *safari*: amsha kadi ya mtandao, ipe namba ya anwani, ioneshe njia ya kutokea. Namba alijichagulia ishirini na tano, kwa sababu aliipenda tu.

Faili liliitika vizuri. Mkewe aliporudi kutoka dukani, mtandao ukakata.

Si jambo dogo hilo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa akicheza naye drafti kwenye mtandao kutoka mji wa mbali, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Usipocheza kabla ya saa kumi, nautangazia ukoo mzima kwamba umeingia mitini."

Mkewe akatoka kutupa takataka mwisho wa mtaa, mtandao ukarudi. Dereva hajaamua bado asogeze kete ipi, mke huyo mlangoni, na mtandao huo ukaondoka. Dereva akamkodolea macho kama aliyeona taa za breki zikiwaka kwenye ng'ombe.

"Mke wangu, hebu rudi mwisho wa mtaa."

"Kufanya nini?"

"Kusimama tu."

"Mzee wewe! Umri huu ndio unanifukuza?"

"Sikufukuzi, nakupima."

Mkewe akaenda huku akicheka, maana naye alitaka kujua. Safari hii simu yake, ambayo hutoka nayo kila mara, aliiacha mezani. Mtandao haukurudi.

"Kumbe si wewe!" Dereva akapiga kelele dirishani, mtaa mzima ukasikia. "Ni simu yako!"

"Ahsante kwa kunisafisha jina!"

Aliporudi waliifungua simu pamoja, wakaitafuta anwani yake. Ishirini na tano. Kile kisanduku cha intaneti ukutani, ndicho kinachogawa namba kwa kila kifaa nyumbani, hakikujua kwamba Dereva amejikatia tiketi mwenyewe, kikampa mkewe kiti hichohicho.

"Abiria wawili, kiti kimoja!" Dereva akanong'ona, macho yakimng'aa.

"Basi hama wewe. Mimi nimepewa, wewe umejipachika."

Akahama. Akafuta namba aipendayo, akaandika mia mbili, huko nyuma kabisa ambako kisanduku hakimpangi mtu, kisha akaliendesha faili. Simu ipo kando, na mtandao umetulia tuli. Saa kumi ilikuwa inabisha hodi. Dereva akasogeza kete bila hata kutazama anaipeleka wapi.

Jibu likaja palepale.

"Amekula tatu kwa mpigo!" mkewe akashika mdomo.

"Na zimeliwa papo hapo!" Dereva akapiga meza kwa furaha. "Umeona mtandao unavyokwenda mbio? Hebu mpigie kaka yako kwa video, tuone kama itakata."