Pa Kulaza Trela la Mama

Mwenye yadi ya kwanza ya kulaza magari majira ya baridi alituambia tusikanyage pale penye unyevunyevu, kisha yeye mwenyewe akapakanyaga.

Unyevu ulikuwa unatoka chini ya gari kubwa la safari, la kulala ndani, jeupe, lenye mistari ya bluu ubavuni. Ulidondoka polepole, mzito, wa rangi ambayo sitaki kuikumbuka, na nzi wa mwisho wa Oktoba walikuwa wamejaa pale kama watu kwenye harusi.

"Hili ni la wazee wa Fargo," alisema, akiinua buti kwa mkono na kulisugua kwenye majani. "Walirudi Agosti, wakaliegesha, wakasahau kumwaga tangi la choo. Lakini msijali, baridi ikishuka itaganda. Haitanuka tena mpaka Aprili."

"Oo," mama akasema. "Basi ni afadhali hivyo."

"Nafasi yenu ingekuwa hii hapa, ubavuni mwake."

"Ni nafasi nzuri," mama akasema. "Tutafikiria."

Akatupa mkono, mkono ule ule aliotumia kuinua buti. Mama akaushika. Mimi nilikuwa nimeshaificha mikono yangu mfukoni, nikainamisha kichwa tu, na nadhani aliniona msichana mwenye maringo. Ndani ya gari mama alishusha dirisha kabla hata ya kuwasha injini.

"Bwana yule mchangamfu," akasema.

"Mama, amekanyaga mavi ya watu."

"Nimeona, Maren. Nitafutie ile chupa ya dawa ya mikono."

Tulikuwa tumebakiza siku chache sana. Mjini kwetu trela haliruhusiwi kubaki mbele ya nyumba theluji ikikaribia, kwa sababu ya magari ya kusafisha barabara. Lakini hilo halikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba mama alikuwa ameshauza nyumba. Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita, na mama alisema hawezi kuendelea kupika kwenye jiko linalotazama kiti kitupu. Wenye nyumba wapya wangeingia theluji ikiyeyuka, na siku hiyo mama angehamia kwenye trela, aishi humo, ashuke kusini na apande kaskazini kufuata jua. Lilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafiga mawili, na mapazia ya njano aliyoshona mwenyewe. Hakuwa na mpango mwingine.

Sasa, huku kwetu adui wa trela ni panya kuliko hata theluji. Baridi ikianza wanaingia popote penye tundu la kupitisha kidole. Mwalimu mmoja wa mama aliyestaafu alifungua lake baada ya majira ya baridi akakuta godoro limetobolewa, ndani yake watoto wa panya, wekundu, hawana manyoya, wanajikunja kama funza. Godoro alilitupa. Harufu haikutoka. Mkojo wa panya ukishaingia kwenye zile kuta nyembamba za mbao, unabaki humo. Mwishowe trela lote lilikokotwa mpaka jalalani. Kwa hiyo tulipokuwa tunatafuta pa kulilaza trela, tulikuwa tunatafuta kujua kama mama atakuwa na nyumba au hatakuwa nayo.

Uwanja wa maonyesho wa wilaya, ambako mabanda ya mifugo hukodishwa msimu wa baridi, mama alikuwa amepiga simu mwezi uliopita, akaambiwa pamejaa. Ikabaki kwa baba mdogo Verlyn.

Baba mdogo Verlyn ni mdogo wake baba. Alifuga bata mzinga maisha yake yote, akaacha, na banda lake refu limebaki tupu. Mkewe alitangulia miaka mingi iliyopita. Nampenda. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kuendesha trekta nikiwa nimekaa mapajani mwake, na hakunicheka nilipolia kwa sababu ya bata aliyekufa. Lakini tangu miaka michache hii, ukikaa karibu naye kanisani unajikuta unapumulia mdomoni. Benchi la nyuma yake halina watu. Hakuna aliyewahi kusema neno.

Kanisani ndiko alikomwambia mama mara ya kwanza: "Shemeji, leta trela lako kwangu." Mama akajibu, "Aa, tusikusumbue." Hiyo ni mara ya kwanza. Kwetu ukipewa kitu unakataa mara moja, unakataa ya pili, ya tatu unapokea. Anayetoa anajua hivyo, anayepewa anajua hivyo. Kwa mtu ambaye hataki kweli, hakuna mara ya nne ya kukataa.

Siku hiyo alikuwa ametualika kahawa. Mlango wa jikoni ulipofunguka harufu ilinipiga usoni kama kitambaa kilicholowa. Mafuta ya zamani, mbwa aliyekwisha kufa ila blanketi lake bado lipo, na chini ya yote hayo kitu kikali kilichochoma macho.

"Karibuni, karibuni! Maren, mwanangu, umekuwa mwembamba. Huko chuoni walikulisha vitabu tu?"

"Nimeshamaliza chuo, baba mdogo."

"Basi ni wakati wa kula."

Akaweka sahani ya keki alizonunua, kwa bahati bado zimo ndani ya karatasi zake. Akamimina kahawa. Mama akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Nimeacha sukari, shemeji. Daktari." Sikuwa na wepesi huo. Baba mdogo akachota kijiko, akanitilia, akachota cha pili, na katika sukari ile nyeupe nikaona punje nyeusi, ndogo, zilizochongoka ncha. Nyingine ilibaki kwenye ukingo wa kijiko. Akaikung'utia ndani ya kikombe changu, isipotee.

"Kunywa, inapoa."

Alikuwa ananitazama kwa furaha ya mtu ambaye hapati wageni. Nikanywa. Nilimeza haraka, nikahisi kitu kimekwama nyuma ya jino, na ulimi wangu ukakataa kwenda kukitoa. Mama aliona. Macho yake yakajaa machozi, ila akasema tu, "Kahawa ya moto ni nzuri siku kama hii."

Kisha tukaenda bandani.

Alikuwa amefagia. Hilo ndilo lililoniumiza. Katikati ya banda alikuwa amesafisha eneo la urefu wa trela, akaweka mbao za kuzuia magurudumu, na mahali ambapo ngazi ya trela ingeshuka alikuwa ametandika kipande cha zulia, jekundu, ili mama asikanyage vumbi.

Lakini hewa yenyewe haikufagiliwa. Miaka ya kinyesi cha bata ilikuwa imeingia kwenye udongo, na juu yake panya walikuwa wameongeza chao. Ukuta ulikuwa na pamba ya kuzuia baridi iliyochanika, na nilipoitazama vizuri niliona inatikisika. Ilipanda na kushuka, hapa na pale, kama kifua cha mtu anayelala. Nikarudi nyuma hatua moja nikakanyaga kitu laini. Kilibonyea, kisha kikapasuka. Sikutazama.

"Bata wangu walikuwa safi kuliko Walutheri wote wa wilaya hii," baba mdogo alisema, akipigapiga nguzo. Vumbi lilianguka juu ya kofia yake, na katika vumbi kulikuwa na punje zile zile. "Unaonaje, Ardis? Linaingia lote, na juu nafasi inabaki."

"Ni kubwa kweli," mama akasema. "Lakini jamani, umejisumbua sana. Hatutaki kuwa mzigo."

Hiyo ilikuwa ya pili.

"Mzigo gani? Mke wa kaka yangu awe mzigo? Lete trela, nitalichungulia kila asubuhi. Jioni naweza kukaa ndani kidogo, niwashe taa, lisione upweke."

Akilini nilimwona ameketi kwenye kitanda cha mama, na koti lake lile lenye harufu. Nilimwona mama akifungua mlango ule mwezi wa nne, na mapazia ya njano yakinuka. Mama alivuta pumzi, akaanza kutabasamu tabasamu la kupokea. Mdomo wake ukafunguka.

"Hapana, baba mdogo," nikasema. "Pananuka."

Sikuwa nimepanga. Sauti ilitoka kubwa kuliko sauti yangu, ikapiga mabati ikarudi. Mama alisema "Maren!" kana kwamba nilikuwa nimevua nguo mbele za watu.

Baba mdogo hakukasirika. Aliinua uso, akafumba macho, akavuta hewa puani polepole, kama mtu anayejaribu kusikia redio ya jirani.

"Pananuka nini?"

"Mkojo wa panya. Na kinyesi. Na kitu kilichokufa, nimekikanyaga sasa hivi."

Akavuta tena. "Mimi sinusi kitu."

"Kitu chochote?"

"Tangu ile homa iliyonilaza. Kahawa kwangu ni maji ya moto tu. Nilidhani ni uzee." Akafungua macho. "Na jikoni?"

"Jikoni pia."

"Blanketi la mbwa?"

"Pia. Na kwenye sukari kuna mavi ya panya."

Akanigeukia. "Lakini wewe umekunywa."

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu, mtoto! Umekunywa ya nini?"

"Ulinitilia wewe."

Alishika nguzo kwa mikono miwili. "Mchungaji alikuja juzi," akasema taratibu. "Vikombe viwili. Hutia vijiko vitatu kila kikombe."

"Alisemaje?" mama akauliza, hakuweza kujizuia.

"Alisema hajawahi kunywa kahawa kama ile."

Mama akageukia mlango, mabega yakimtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Baba mdogo hakucheka. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Alitazama mikono yake, akainusa, akaishusha.

"Na mimi je?" akaniuliza.

"Shemeji, twende nje tuka..."

"Sikuulizi wewe, Ardis. Wewe utaniambia ni afadhali hivyo. Namuuliza huyu."

Ningetoa chochote nisijibu. "Ndiyo, baba mdogo. Koti hasa. Na nywele."

"Watu wote wanajua?"

"Kanisani, ndiyo."

Akavua koti, akalitupa juu ya lile zulia jekundu, akatoka. Tulimkuta nje ya banda, amesimama kwenye upepo na shati jembamba, akitema mate chini, tena na tena, kama ni yeye aliyekunywa.

"Hapo yadini kwa yule bwana je?" akauliza alipomaliza.

Nikamweleza habari za gari la wazee wa Fargo na buti. Akatema tena.

"Na uwanja wa maonyesho?"

"Walisema pamejaa," mama akajibu.

"Yule LaVonne wa uwanjani alisema pamejaa, au pamejaa kidogo?"

Mama akafikiri. "Pamejaa kidogo."

"Ardis! Pamejaa kidogo maana yake nafasi ipo. Ulitakiwa uulize tena."

"Sikutaka kumsumbua."

"Hamtaki kusumbua, hamtaki kusumbua. Mimi miaka yote hii nazunguka mjini nikinuka kama tumbo la mzoga, kwa sababu hakuna anayetaka kunisumbua!"

Mama akafungua mkoba. Akatoa simu, akampigia LaVonne hapo hapo, na safari hii akauliza mara mbili.

Tulipita nyumbani na pikapu ya baba mdogo kulichukua trela, maana gari letu dogo haliwezi kulivuta. Pikapu yake ilikuwa na harufu ile ile, imekolea kwenye viti. Tulibanana watatu, mimi katikati, madirisha yote wazi na masikio yakiuma kwa baridi.

"Mmefungua kwa ajili yangu?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Hilo la nyuma nalo linafunguka. Lisukume."

LaVonne Tweten, mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alitungoja mbele ya banda la kondoo. Nafasi ilikuwa moja, karibu na mlango. Baba mdogo alikanyaga breki nje, hakushuka.

"Ingia wewe ukanuse," akaniambia. "Mimi pua sina."

Nikaingia. Nikazunguka kona zote. Nikapiga magoti kwenye makutano ya sakafu na ukuta, nikavuta hewa mpaka kifua kikajaa. Saruji. Chokaa. Baridi ya bati.

"Anatafuta nini yule?" nikamsikia LaVonne.

"Ananusa," mama akasema.

"Ananusa nini?"

"Ananusa kwa niaba ya ukoo."

Nilirudi. "Kuna kondoo," nikasema.

"Wa leo?" baba mdogo akauliza dirishani.

"Wa Agosti, wa maonyesho. Kidogo tu. Sakafu imeoshwa. Sijaona punje hata moja."

"Sasa sijui, Ardis," LaVonne akaanza, "si mahali pa fahari, labda ungependa..."

"Napataka," mama akasema.

LaVonne alibaki mdomo wazi, alikuwa bado na maneno mengine.

Baba mdogo aliliingiza trela ndani kinyumenyume kwa mara moja, akitazama kioo hiki na kile, bila kugusa ukuta. Ilibaki kazi ya mabomba, kuyajaza ile dawa ya pinki ili yasigande na kupasuka. Kila mwaka baba ndiye aliyeifanya. Mama akafungua mlango wa trela, akamwambia aingie.

"Siingii," akasema. Alisimama sakafuni, mbali na ngazi, mikono amejikumbatia kwa baridi. "Siwezi kuingia humo na hizi nguo. Maren, ingia wewe. Nitakuelekeza."

Nilimpenda sana wakati ule, na bado nilikuwa napumulia mdomoni.

Ndani kulikuwa na harufu ya sabuni na kitambaa. Baba mdogo akawasha pampu kwa nje, akaanza kupaza sauti kupitia dirisha dogo la jikoni.

"Fungua bomba la sinki. Linatoa nini?"

"Maji meupe."

"Liache. Sasa?"

"Bado. Ngoja. Pinki!"

"Funga. La bafuni."

"Pinki."

"La choo. Kanyaga pedeli, usiachie."

Nikakanyaga. Maji yalizunguka, meupe, kisha rangi ikaingia polepole kutoka ukingoni.

"Maren! Rangi gani?"

"Pinki, baba mdogo."

"Basi. Toka, ufunge mlango vizuri."